Nilijifunza Kutulia Ubavuni mwa Ng'ombe

Niaje wadogo zangu. Najua mkisikia mtu amestaafu mnatafuta mvi na bakora. Msitafute. Mimi thelathini sijafika, meno yangu yote yako, na ngoma nzuri ikilia bado naweza kuangusha viti. Lakini kazi ya kukamua ng'ombe kwa mikono nimestaafu kabisa, kwa sababu kazi yenyewe ilitangulia kustaafu. Siku mashine ya kukamua ilipofika shambani kwa Baba Wanja kule Dundori, ikaanza kunguruma kama friji kuukuu, niliitazama mikono yangu nikaiambia, "Haya, asanteni kwa huduma." Nikateremka nikarudi hapa Bondeni, mjini Nakuru, nilikozaliwa, na sasa nawauzia nyinyi maziwa mala, yale ya kugandisha, na mandazi kwenye kidirisha.

Ni nyinyi mlionichokoza hadi nikaandika haya. Mmoja wenu alinikuta asubuhi kabla sijafungua, nimekaa juu ya kastuli, kile kigoda changu kifupi, macho nusu, mikono mapajani. Kufikia saa nne mtaa mzima ulikuwa unasema Wafula ameingia dini ya siri. Mwingine akaja kuniuliza kwa sauti ya mtu anayetembelea mgonjwa, "Bro, kwani huwa unaona nini huko ndani?"

Sioni kitu. Huwa nasikiliza tu. Na aliyenifundisha kusikiliza si mganga wala mchungaji, ni ng'ombe mmoja mweusi na mweupe anayeitwa Madamu, ambaye nusura apelekwe bucha kwa sababu mwanafunzi wake alikuwa mzito wa kuelewa.

Kwanza mjue mimi ni mtu wa ndoto. Shule niliachia kidato cha pili, karo ilipokatika, lakini kichwa hakikuacha kusafiri. Nikikaa chini ya ng'ombe, mikono inakamua, kichwa kinajenga gorofa. Kuna asubuhi moja nilioa, nikapata mapacha, nikawapeleka Mombasa kuogelea, yote kabla ndoo haijafika nusu. Wakati mapacha wanakula aiskrimu, teke likatua. Maziwa, ndoo, mimi na mapacha, sote tukawa ndani ya samadi.

Aliyecheka sana siku hiyo ni Kogo. Kogo ni nyanya kwa Kikalenjin, na jina lake la kitambulisho silijui hadi leo. Alikuwa mkamuaji mkuu wa Baba Wanja tangu Wanja mwenyewe akiwa mtoto wa kubebwa. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, moja zaidi ya lingine, lakini hakuna aliyemshinda kazi. Alikuwa akipitia nyuma yangu asubuhi, shuka begani, na kila siku mazungumzo yalikuwa yale yale.

"Kijana ya mjini. Leo uko wapi?"

"Niko hapa, Kogo."

"Mikono iko hapa. Wewe uko wapi?"

"Dubai, Kogo."

"Rudi. Ng'ombe hajui Dubai."

Mlio na nia ya kufanya kazi hii, sikieni jambo ambalo watu wengi hawalijui. Maziwa hayatolewi na mkono. Mkono unapokea tu. Unaosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, unapangusa kwa kitambaa safi, unamimina matone ya kwanza kwenye kikombe cheusi uone kama kuna mabonge, na ukishamgusa hivyo kwa upole, ng'ombe mwenyewe ndiye anayeachilia. Chuchu zinajaa, zinakuwa ngumu kama ndizi changa. Hapo una dakika chache. Unafunga vidole kuanzia juu, kimoja baada ya kingine, huvuti. Ukivuta unamuumiza. Akishtuka, akiogopa, au akikuchukia tu, anafunga mfereji, na hata ungekuwa na mikono ya fundi wa trekta hupati kitu.

Kwa hiyo mkamuaji akiwa na fujo kichwani, fujo inafika ndooni. Kogo hakuwa na fujo. Alikuwa anaweka paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, anaimba kitu kidogo kwa puani, na basi. Nilimuuliza siri. Akasema, "Siri ya nini? Mimi nakamua nikikamua." Nikaona huyu mama ananificha.

Ndiyo nikaenda kutafuta kwa simu. Nikapata sauti ya mama mmoja mpole, anafundisha watu wanaoanza kutafakari, kwa Kiingereza cha polepole hata mimi wa kidato cha pili nikakifuata. Vaa spika za masikio, kaa wima, fuata pumzi. Rahisi kabisa. Nikaketi juu ya gunia la dairy meal, chakula cha ng'ombe, nimekunja miguu, nikafuata pumzi mara mbili, ya tatu nikawa Dubai.

Sauti ikasema nifikirie nimekaa kando ya bahari. Bahari sijawahi kuiona. Nikaweka Ziwa Nakuru, si maji ni maji? Nikawa sawa kidogo, nikawaona ndege wa rangi ya waridi wamejipanga, halafu nikakumbuka harufu ya kule ufuoni upepo ukigeuka, nikafungua macho nikiwa nimeziba pua.

Sauti ikasema tuwashe kitu cha kunukia. Udi Dundori utatoa wapi? Nikawasha ile dawa ya mbu ya mduara. Wadogo zangu, banda lote lilikohoa. Ng'ombe wanakohoa, paka anakohoa, Baba Wanja anakuja mbio na debe la maji akidhani kunaungua.

Lakini kilichonitia aibu kubwa ni kuvuma. Sauti ilisema tutoe mvumo mrefu kutoka kifuani, mdomo umefungwa, tusikie mwili mzima unatetemeka. Nikavuma. Nikaona kweli kifua kinatetemeka, nikaongeza. Mara ya tatu nikajibiwa. Fahali wa jirani, aliyekuwa shambani ng'ambo ya viazi, alielewa neno fulani ambalo mimi sikukusudia kusema. Alivunja ua akaja kujionea mwenyewe ni nani anayemwita.

Jioni hiyo Baba Wanja aliniita mbele ya Kogo. Yeye ni mtu mwema, mzee wa kanisa, lakini alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili, kwa hiyo nikajua kuna jambo.

"Wafula, kijana wangu. Hii kitu unafanya asubuhi. Si ni mambo ya majini?"

Kabla sijajibu Kogo akadakia. "Majini gani wataamka saa kumi na moja, Dundori, na hii baridi?"

"Mama, nauliza tu. Nimesikia ati mtu akitoa vitu kichwani, vingine vinaingia."

"Huyu?" Kogo akaninyooshea kidole. "Huyu kichwa yake imejaa mpaka mlango. Hata jini akikuja atakosa mahali ya kukaa."

Walicheka hadi wakashikana mikono. Nami nikacheka, kwani ningefanya nini? Lakini moyoni nilikuwa nimekata tamaa. Niliona huu utulivu umeumbiwa watu wengine, wenye chumba tupu na mkeka mzuri na bahari karibu.

Sasa ndipo Kogo aliposhikwa na macho vizuri. Asubuhi moja alimwaga maziwa nje ya mkebe, yeye ambaye hakumwaga hata tone. Binti yake wa Njoro akaja akasema basi, anampeleka hospitali afanyiwe upasuaji, kisha atakaa kwake hadi apone. Kogo hakubishana. Alichofanya ni kwenda bandani, akampapasa Madamu kuanzia pembe hadi mkia, polepole, kama mtu anayekagua nguo aliyoshona mwenyewe.

Madamu alikuwa wake. Si wa kununua, ila alimtoa tumboni mwa mamake kwa mikono yake siku ya mvua, akamnywesha kwa vidole. Na tangu Madamu azae hakuna mtu mwingine aliyewahi kumkamua. Alikuwa na maringo kama mwalimu mkuu siku ya wazazi, ndiyo sababu ya hilo jina.

"Nilimuona akizaliwa na macho mzima," Kogo akaniambia. "Miaka hii yote namuona kama moshi tu. Nataka nikirudi nimuone vizuri tena. Nimekuachia. Nisikuje nipate kamba bila ng'ombe."

Nikasema, "Kogo, usijali." Neno rahisi sana hilo.

Asubuhi ya kwanza Madamu alininusa mara moja tu, akageuza uso ukutani, akafunga. Nikaosha, nikapangusa, nikaimba wimbo wa Kogo kwa puani. Nilipata ya kutia rangi chai. Jioni vivyo hivyo. Kesho yake alipiga ndoo teke, na siku iliyofuata alikuwa ananiona kwa mbali na ndoo anaanza kukaza mgongo. Daktari wa mifugo akaja akampima, akasema mwili uko sawa, huyu amekataa tu, na ng'ombe akikataa muda mrefu maziwa yanakauka yenyewe.

Baba Wanja alivumilia, mpaka akafika pale ambapo mwenye shamba yeyote angefika. Akanikuta nachota maji.

"Wafula, huyu anakula kama wenzake na hatoi kitu. Nimeongea na Njuguna. Alhamisi asubuhi anakuja na pikap."

Njuguna namjua, nanyi mngemjua mngekuwa Dundori. Ni dalali wa ng'ombe, na ng'ombe anayenunuliwa na Njuguna harudi malishoni. Nikamwomba Baba Wanja angojee Kogo. Akaniangalia kwa huruma ya kweli. "Kogo atarudi, lakini hatujui lini. Na mimi nalisha watu pia."

Ndiyo nikaanza kutafakari kwa nguvu, mkisikia kuna kitu kama hicho. Nilifuata pumzi kama mtu anayefukuza kuku. Sauti ya simu sikioni, paji la uso ubavuni, mikono kwenye chuchu, moyoni nasema tulia, tulia, tulia wewe, Njuguna anakuja. Madamu alinipiga mkia usoni mara mbili. Na sasa naelewa. Hata wewe mtu akikukumbatia huku ameangalia mfuko wako, si utajua?

Jumatano mchana nilichoka. Kazi ilikuwa imeisha, jua limetoka baada ya ukungu, na Madamu alikuwa amelala kwenye nyasi nyuma ya banda. Nikaenda kumuaga. Sikubeba ndoo, sikubeba simu. Nikaketi chini nikamwegemea ubavuni, kama mnavyoegemea kochi, nikamwambia, "Nimekushindwa, Madamu. Nisamehe. Na Kogo atusamehe." Hakuondoka. Aliendelea kucheua.

Mnajua ng'ombe anavyocheua? Mimi nilikuwa nimefanya kazi miaka na sikuwa najua. Anatafuna, kichwa kimetulia, taya zinazunguka. Halafu anameza. Halafu hakuna kitu. Kimya kidogo, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Ndipo fundo jingine la majani linapanda shingoni, unaliona kabisa likipita chini ya ngozi, na taya zinaanza upya. Na ukiwa umeweka sikio ubavuni unasikia zaidi: maji yanasogea, ngurumo inapita mbali, joto linapanda na kushuka na pumzi yake.

Nikajikuta nangojea kile kimya. Anameza, nangoja. Linapanda. Anameza, nangoja. Katikati nikaenda Dubai, bila shaka, nikawa nimeshafungua hoteli, lakini fundo likapanda likanikuta huko, nikarudi. Hakuna aliyenichapa. Nikaenda tena, nikarudi tena. Baadaye sikuenda. Nilikuwa nasikia jembe la jirani likigonga jiwe, nasikia nzi, nasikia mgongo wangu mwenyewe ukilegea mfupa kwa mfupa, na sikutaka kitu chochote duniani kiwe tofauti. Sikuona mwanga wala sikupaa. Nilikuwa tu pale nilipokuwa. Wadogo zangu, ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Mnadhani nilikuwa nimefuzu? Niliruka kwa furaha, nikakimbia kuchukua ndoo, nikarudi mbio natabasamu. Madamu akaiona ndoo, akasimama, akafunga kila kitu. Jioni hiyo hakunipa hata ya paka.

Alhamisi pikap ilifika mapema. Niliisikia kutoka bandani, injini inatikisika, na sauti ya Njuguna ambayo haihitaji kipaza sauti.

"Baba Wanja! Leta huyo mrembo tumpeleke!"

"Ngoja akamuliwe mara ya mwisho. Hata kama ni kidogo, asisafiri na uchungu."

Basi wakaja wakasimama mlangoni: Baba Wanja na kofia mikononi, Njuguna na kamba begani. Hapo ndipo nilipoketi kwenye kastuli yangu. Sitaki kuwadanganya kwamba nilitulia. Nilikuwa nalia. Nililia vizuri tu, bila sauti, machozi yanaingia kwenye manyoya yake. Nikaosha kiwele kwa sababu ndiyo kazi. Nikapangusa kwa sababu ndiyo kazi. Kisha nikaweka paji la uso pale pale nilipoegemea jana, na nikaona sina ninachoomba tena. Maziwa hayangemwokoa tena, pikap ilikuwa inanguruma nje. Kilichobaki ni ubavu wake, moto na wa polepole. Mikono niliiacha tu imemshika.

Akameza. Sikuwa nimegundua alikuwa anatafuna. Kile kimya kikaja. Nikangoja, si kwa sababu ya chochote, ni kwa sababu kilikuwa kizuri. Fundo likapanda. Na chini ya vidole vyangu chuchu zikajaa, ngumu, zote nne.

Ndoo tupu ikipokea maziwa hulia kama kengele ndogo. Ililia. Ikalia tena. Halafu mlio ukaanza kunenepa, ukawa mzito, povu likapanda, na mimi sikuinua kichwa, niliogopa hata kufurahi. Dubai sikwenda. Nikasikia Baba Wanja akivuta pumzi. Nikasikia viatu vya gumbuti vikiondoka polepole, kwa ncha za vidole, kisha injini ya pikap ikazimwa. Njuguna, wadogo zangu. Njuguna mwenyewe alikwenda kuzima gari ili asimsumbue ng'ombe.

Aliporudi alinong'ona, na mnong'ono wake ni kama sauti yenu ya kawaida. "Baba Wanja, huyu sichukui."

"Na nimeshakupigia simu umekuja."

"Mimi ni dalali, si mwizi wa bahati ya mtu. Ukiuza hii kitu nitakuwa wa kwanza kukuita mjinga."

"Sasa umetoka mbali bure."

"Bure nini? Kwani hiyo ndoo yote ni ya kuangalia? Weka chai!"

Tukanywa chai ya Madamu sote watatu, tumesimama bandani. Njuguna alikunywa vikombe vingi kuliko wenye shamba, na alipokuwa akiondoka akanivuta pembeni akaniuliza, kwa aibu, kama hiyo kitu nilikuwa nafanya na kichwa inaweza kusaidia mtu ambaye halali vizuri. Nikamwambia atafute ng'ombe asiyetaka kumnunua, amkalie ubavuni.

Kogo alirudi viazi vikichimbwa, miwani myeusi usoni. Hakuniamkua. Alipita moja kwa moja hadi bandani, akavua miwani, akasimama mbele ya Madamu muda mrefu. Madamu akamlamba mkono.

"Kumbe ana nyota hapa kwa paji," Kogo akasema. "Nilikuwa nimesahau."

Alipanguza jicho, lile jipya. Kisha akageuka, akaniangalia kuanzia gumbuti hadi nywele.

"Na wewe ndiye Wafula?"

"Ndio, Kogo."

"Mimi nilikuwa nafikiria wewe ni handsome."

Mashine ilipokuja, ng'ombe wote waliizoea isipokuwa mmoja. Mnamjua. Aliipiga teke ikatoa moshi, na Baba Wanja, ambaye sasa anamheshimu, akasema huyu aachwe na mikono. Kogo anamkamua siku zote, lakini Jumamosi Kogo huenda kanisani, kwa hiyo Jumamosi alfajiri mimi napanda Dundori. Ndiyo maana siku hiyo nafungua kidirisha nimechelewa na nina harufu. Kwa hiyo kustaafu kwangu hakujakubaliwa na kila mtu.

Na anayetaka kujua huwa naona nini huko ndani, aache kuniuliza. Tupande pamoja Jumamosi. Vaa sweta, kule kuna baridi. Kastuli ya pili ninayo. Ndoo nitabeba mimi, na nitaiacha nje ya mlango hadi Madamu aseme.